Mgongo Usiouma

Jumanne, 7 Januari 2025

Mvua! Imenyesha jana kutwa, shamba limeloa vizuri kabisa. Nimechoma kijiti ardhini kikazama bila kusukumwa. Wiki hii ndiyo ya kupanda. Hapa Mogitu mvua ikikuacha, umekwisha.

Jioni kaja Marko, mwenyekiti wa kikundi chetu cha kulimiana. Kesho tunaanza na shamba la Kornelia. Ni mjane, hana maksai, mumewe Yoakimu tulimzika Agosti. Sawa. Halafu nikauliza mimi ni wa ngapi. Wa tano! Mimi mwenye jozi bora ya maksai kuliko wote kwenye kikundi — wa tano! Nimesema hamna shida. Nimesema huku natabasamu.

Doris, mke wangu, anasema zamu ni zamu. Yeye atagawa hata chumvi ya mwisho. Mtu wa hivyo husifiwa sana siku ya kuzikwa. Mimi nataka kula nikiwa hai.

Jumatano, 8 Januari

Nimefanya jambo la kijinga. Niliandike upesi kabla sijaanza kulipamba.

Asubuhi nilimtumia Marko meseji: mgongo umeshika, siwezi hata kuinuka. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Wote wakienda kwa Kornelia, ng'ambo ya korongo, mimi nafunga maksai wangu nalima kwangu taratibu. Saa tatu nimeshavaa mabuti, nira iko begani, nasikia kelele njiani. Watu! Ishirini na kitu, plau nne, majembe. Wanakuja kwangu!

Nilitupa nira nyuma ya ghala nikakimbilia kitandani. Na mabuti yangu. Blanketi hadi kidevuni.

Nilipaswa kujua. Kwetu mkulima akiugua wakati wa kupanda, shamba lake linatangulia. Mimi mwenyewe nimelimia wagonjwa mara ngapi? Nilisahau kwa sababu nilikuwa nawaza shamba moja tu. Marko akachungulia dirishani: pole sana, usihangaike, leo tuko kwako. Akasema aliyetoa wazo ni Kornelia. Eti yeye ni mzima, anaweza kusubiri.

Kutwa nimelala nawasikiliza wakilima. Miguu imechemka ndani ya mabuti. Doris aliwapikia makande. Akaniletea na mimi sahani, akayaona mabuti yametokeza chini ya blanketi, akaiweka sahani, akatoka. 

Alhamisi, 9 Januari

Wamerudi kumalizia. Ekari zote tatu zimelimwa na kupandwa. Kornelia kaingia kunijulia hali. Shikamoo dada. Marahaba mdogo wangu, mgongo je? Nikasema afadhali kidogo. Kaniletea uji wa ulezi, kasema kwake wanaanza kesho, nisiwe na wasiwasi. Nisiwe na wasiwasi, mimi!

Uji nimeumaliza wote.

Ijumaa, 10 Januari

Msiba kijiji cha Hirbadaw: amefariki baba yake Hhando, mwenzetu kwenye kikundi. Wote wameenda kuzika. Kwa Kornelia hakuna aliyeshika jembe. Jua kali, na ule upepo wa kutoka mlimani.

Jumapili, 12 Januari

Sikwenda kanisani. Mgonjwa aende vipi? Doris kaenda. Karudi kaniambia nimeombewa, jina langu limetajwa mbele ya watu wote, na yeye kaitika amina pamoja nao. "Nimedanganya kanisani kwa ajili yako, Baba Patriki," kasema. Watu hatawaambia, hiyo ni kazi yangu. Lakini kudanganya tena, hapana.

Nikajitetea. Kila mtu hujifikiria kwanza, ndivyo tulivyoumbwa. Usipojijali mwenyewe nani atakujali? Akaniuliza: wiki hii amekujali nani?

 Naona haya hata kuliandika hili.

Jumatatu, 13 Januari

Wamejaribu kwa Kornelia. Udongo wake ni mzito, umeshakuwa kama tofali. Plau zinaruka juu juu. Maksai wao nguvu waliziacha kwangu.

Marko kaja kusimama mlangoni. Hakuomba kitu. Kasema tu kwamba ardhi ile jozi yangu peke yake ndiyo ingeiweza. Na anajua, kila mtu anajua, kwamba Diwani, yule maksai wangu mweusi, hasogei mpaka asikie sauti yangu. Wawili walishajaribu, akawalalia kwenye mtaro. Mpaka Ijumaa, kasema Marko. Ikipita hapo unyevu wa chini nao utakuwa umekwenda. Kornelia amebakiza gunia moja la mahindi ndani.

Kwa hiyo niinuke. Nikishika plau kutwa nzima, kila mtu atajua habari ya mgongo wangu. Nisipoinuka, yule mama havuni. Hapa hakuna cha kufikiria. Na bado nimefikiria siku nzima!

Jumatano, 15 Januari

Mahindi yangu yameota. Mistari imenyooka vizuri kuliko ninavyopanda mwenyewe. Nimeyaangalia nikashindwa kufurahi.

Nimefunga maksai alfajiri. Doris kanifungulia zizi, na kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita kaniangalia usoni. Maneno nilikuwa nayo: dada Kornelia, sikuumwa, niliwadanganya. Nimeyarudia njia nzima.

Nikakutana naye korongoni, anatoka kuteka maji. Akatua ndoo, akapiga yowe. "Agustino! Unataka kupooza kwa ajili ya shamba langu?" Nikafungua mdomo. Kabla sijasema kanishika mikono yote miwili, machozi yanamtoka. Kasema tangu Yoakimu afe hakuna mtu aliyejisahau kwa ajili yake namna hii. Watu wakatoka majumbani. Marko akavua kofia. Kasema Jumapili atasimama kanisani awaeleze watu kujitoa ni nini.

Na mimi? Nilishika kiuno. Nikasema, aah, dada, ni kidogo tu. Mungu wangu! Mkono ulikwenda wenyewe.

Wamenirudisha nyumbani wawili wamenishika kwapani. Maksai wako zizini. Shamba lake liko vilevile, na zimebaki siku mbili. Sijawahi kujichukia hivi. Mtu anayejipenda kama mimi!

Sasa Kornelia yuko jikoni, anachemsha maji na majani, anataka kunikanda mwenyewe. Namsikia anamwuliza Doris maumivu yako upande gani, ili ajue pa kuanzia. Halafu Doris: "Muulize mwenyewe, dada. Mimi sijui anaumwa wapi."

Anakuja. Nimeshavua shati.