Neno la Mama Lililoazimwa

The Pearl,
Doha, Qatar.
Alhamisi, 14 Machi 2013

Mpendwa mdogo wangu Nafula,

Pokea salamu kutoka huku kwenye joto. Hujambo? Miguu ya baba inaendeleaje, na mvua imeanza hapo Kimilili? Mimi ni mzima, ila mafua ya kiyoyozi tu.

Wee, kaa chini kwanza! Nina habari inaniwasha ulimi. Madam wangu, yule mwalimu mstaafu kutoka Ufini, anaandika kamusi ya maneno ya kale ya kwao, na meza yote ya kulia imejaa kadi. Jumatatu mimi mwerevu nikazipangusa vumbi, nikazipanga upya kwa ukubwa, zikapendeza! Kumbe nimevuruga kazi ya miezi miwili. Nilijua narudishwa Kenya siku hiyo hiyo. Lakini alicheka hadi akakaa chini, na tangu hapo tunazipanga pamoja.

Jana nikashika kadi ya neno äiti. Ndivyo Wafini wanavyomwita mama. Chini yake pana umbo la kale la neno hilo, lenye kinyota mbele, maana yake hakuna aliyelikuta limeandikwa. Wataalamu wamelipata kwa kulinganisha lugha ndugu. Na Nafula, si neno lao! Waliliazima kwa majirani wa jamii ya Wajerumani wa kale, kabla ya vitabu, wakalivisha mikia ya kwao. Leo mama ni äiti, cha mama ni äidin, utadhani lilizaliwa hapo hapo. Neno lao la asili, emä, limebaki zaidi kwa mama wa wanyama.

Nikauliza, na wale majirani je? Madam akasema, "Wao walilipoteza kitambo. Walioazima ndio wamelitunza."

Haki ya Mungu, nililia juu ya kadi. Madam akadhani ni vumbi limeniingia machoni.

Wewe unajua kwa nini. Mwezi jana Milka wangu alikuita mama nikiwa kwenye simu, nikamfokea kwamba wewe ni mama mdogo, mama ni mimi niliyemzaa. Ijumaa nne sasa hataki kushika simu. Na wewe nilikuumiza, wewe unayemsuka nywele na kumwamsha kwenda shule tangu ana miaka miwili. Ni wivu, dada, nisamehe. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana.

Basi mwambie akuite mama, tena kwa sauti, hata majirani wasikie! Mimi aniite atakavyo.

Jeremiah, dereva wa jengo letu, anakuja likizo Jumapili na atakupa barua hii mkononi. Ijumaa ijayo nitapiga saa kumi. Usimlazimishe kuongea. Weka tu simu karibu, nimsikie akikuita.

Nisalimie baba na shangazi Roselyne. Mungu awafunike nyote, na mahindi yaote vizuri.

Mama mwenzako akupendaye,
Nasimiyu