Nyumba Niliyoijaza Kwenye Fomu

Jumatano. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, na hapa Kilema baridi ya mwezi wa saba haina huruma. Nimerudi kutoka Moshi mjini saa tisa. Fomu ya mkopo wa chuo imeshatumwa. Nilitegemea ningepumua.

Badala yake naogopa kuliko jana.

Nianze na kosa, kwa sababu ni letu wawili, mimi na mama.

Kwenye kihamba chetu, shamba la migomba la ukoo, kuna nyumba mbili. Ya mbele ni ya baba mdogo anayeishi Dar: bati la msauzi, madirisha ya aluminiamu, sakafu ya marumaru. Hufunguliwa Desemba wanapokuja Krismasi, kama nyumba nyingi za huku. Miezi mingine yote mama anatunza funguo. Sisi tunalala ya nyuma, ya mbao, aliyoiacha babu, iliyopakana ukuta na zizi la ng'ombe.

Baba alipofariki nilikuwa darasa la tano. Tangu hapo, zamu yetu ya sala ya jumuiya ikifika, mama hufungua nyumba ya mbele, hutoa mashuka yaliyofunika makochi, huwapokea watu pale. Hakuwahi kusema ni yake. Hakuwahi kusema si yake, na watu walidhani baba na mdogo wake waliijenga pamoja. Nami sikuwa mtazamaji tu. Bwenini niliwaonyesha wenzangu picha niliyopiga kwenye varanda ile, na mmoja aliposema kumbe kwenu mko vizuri, nilinyamaza.

Nilinyamaza na nikafurahi.

Nimepata nafasi ya kusomea ufamasia. Bila mkopo siendi. Baba mdogo ana wanawe watatu shuleni, na jibu lake tangu Machi ni lile lile: tutaona. Fomu inauliza familia inaishi nyumba ya aina gani, na mwenyekiti wa kijiji lazima athibitishe kwa sahihi na muhuri. Nilijaza: mbao, vyumba viwili, sakafu ya udongo.

Jumatatu mwenyekiti alisoma mpaka pale, akavua miwani.

"Dafrosa, hiyo nyumba ya mbao iko kijiji gani? Mimi nimekunywa chai kwenu, mama yako akanivua viatu nisichafue marumaru."

Watu waliokuwa kwenye benchi walicheka. Kisha yeye, bila kucheka, akanionyesha kwa kalamu mstari wa chini kabisa: anayetoa taarifa za uongo atashtakiwa. Akaniambia nikaandike upya. Nilitembea mpaka nyumbani nikijiona mwongo, ingawa nilichoandika kilikuwa kweli.

Mama alikuwa anamenya ndizi za mtori. Nilimweleza, hakuinua macho. Alisema niandike nyumba ya mbele, mengine Mungu atayapanga. Nikamjibu kwamba Mungu hasaini fomu. Sijawahi kumjibu mama hivyo. Jana kutwa hatukusemeshana, na mwisho wa kutuma maombi ni Ijumaa.

Leo asubuhi nimemkuta amevaa kitenge chake cha kanisani. Fomu aliibeba mwenyewe.

Ofisini benchi lilikuwa limejaa, na wawili kati ya waliokaa ni akina mama wa jumuiya yetu. Nilimnong'oneza mama tusubiri watu wapungue. Lakini mwenyekiti alishamwona, akamtania, karibu mwenye kasri, leo umeleta funguo? Mama hakukaa.

"Ile nyumba si yangu. Ni ya shemeji yangu. Mimi nafagia tu."

Mmoja wa wale akina mama alianza kukunja upindo wa khanga yake, akaukunjua, akaukunja tena. Mwenyekiti alishika muhuri ili agonge haraka yaishe. Nadhani aliona aibu kuliko sisi. Mama akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Hapana, mwenyekiti. Njoo kwanza uone ninapolala. Usije ukaambiwa umetupendelea."

Akaja. Alisimama mlangoni pa nyumba ya nyuma, akatazama kitanda, akatazama madaftari yangu yaliyopangwa juu ya debe. Ng'ombe akakohoa upande wa pili wa ukuta. Hakuingia. Alisaini pale pale, karatasi ameigandamiza kwenye mwimo wa mlango, akatoa muhuri kwenye mfuko wa koti.

Sasa kwenye simu yangu kuna neno moja: imepokelewa. Nimeshaliangalia mara nyingi mno.

Hofu ya kukosa chuo naijua, nimelala nayo tangu matokeo yatoke. Hii ya leo ni ngeni. Mama ameenda kukata majani ya ng'ombe. Hajakasirika. Heshima aliyoishika kwa miaka tisa ameitoa mbele ya benchi zima, kwa ajili ya karatasi ambayo mtu asiyemjua ataisoma dakika mbili kisha achukue nyingine. Kufikia jioni kijiji kizima kitakuwa kimesikia, na atakayebaki kuishi na maneno yao ni yeye, si mimi. Mimi nitakuwa nimeondoka.

Au sitakuwa nimeondoka. Wakininyima, yale maneno atayarudisha vipi kinywani?

Kesho ni siku ya soko. Amesema anaenda kama kawaida. Sina hamu ya kukutana na jicho la mtu yeyote, lakini nitajitwika mkungu wa ndizi na kutembea kando yake, si nyuma.