Mwambie Baba Ainue Kichwa

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. U hali gani huko, na kile kikohozi kimekuacha? Huku Mama hajambo, magoti tu ndiyo yanamsumbua asubuhi. Mimi ni mzima pia, ila nimekukasirikia na sitakuficha.

Upasuaji wa Baba ulikwenda salama. Daktari wa macho alimtoboa kijitundu cha kupitisha maji, presha ya jicho ikashuka. Alitueleza kwamba presha ile ilikuwa inabana vijishipa vya damu vinavyolisha neva ya jicho. Sasa damu ingepita kwa nafasi, na uoni uliobaki ungelindwa. Uliopotea haurudi. Alilisema hilo mara mbili, na Baba akaitikia.

Kisha ukapiga simu wewe! Eti, "Damu ikifika kwa wingi, Baba, utaona kama zamani." Basi Baba, fundi cherehani wetu, akapima na kukata mwenyewe: damu ni kama maji, hufuata mteremko. Siku hizi akishakunywa chai analala chali, kichwa kinaning'inia ukingoni mwa kitanda, miguu iko juu ya mito, uso umemwiva kama nyanya. Mama alipoficha mito, akahamia kwenye majora ya vitambaa vya wateja.

Juzi daktari alipopima, presha ilikuwa imepanda. Aliposikia habari za mito alijishika kiuno. Kuning'iniza kichwa ndiko kunakoipandisha, na jicho la kushoto lilishakufa, limebaki hilo moja. Nimesema mpaka koo limekauka. Sikio la kufa halisikii dawa. Jibu lake ni lile lile: "Mwanangu aliyesoma ameniambia." Ulisomea barabara, Kaka! Tangu lini lami ikawa na macho?

Jana nilimkuta tena vile vile. Nikamuuliza kwa hasira anatafuta nini. Akasema, "Nataka kaka yako akija, nimtambue kabla hajafungua mdomo."

Machozi yalinitoka pale pale, hatua moja kutoka usoni pake, wala hakuyaona.

Mpigie leo. Mwambie ulikosea. Mimi hanisikii, wewe atakusikia.

Mama anakusalimu, na shangazi anauliza kama unakula. Nisalimie shemeji na watoto. Mungu akulinde, wewe na ulimi wako.

Mdogo wako akupendaye, hata leo.