Harufu Niliyoinakili Kitabuni

Shangazi mshauri, shikamoo. Nakuomba unijibu kabla ya Jumamosi, kwa sababu siku hiyo ni siku ya wazazi shuleni kwetu na nimechaguliwa kuwaonyesha wageni jaribio la kemia, na nafasi hiyo nimeipata kwa uongo.

Niko kidato cha nne, wenzangu wananiita Kamusi kwa kupenda vitabu, na siri yangu ni kwamba sisikii harufu yoyote tangu nilipougua nikiwa mdogo. Nyumbani wanajua na wamezoea, juzi maziwa yaliungua nikiwa nasoma hatua mbili tu kutoka jikoni, mama akaja mbio, "We mtoto, hiyo pua umewekewa iwe pambo?" tukacheka wote, lakini shuleni sijamwambia mtu, maana mimi hata kuomba ruhusa ya kutoka darasani huwa najipanga kwanza.

Wiki mbili zilizopita tulitengeneza esta, kimiminika chenye harufu ya tunda. Unachanganya aina fulani ya pombe ya maabara na asidi ya siki kwenye mrija, unaongeza matone ya asidi kali ya salfuriki, ambayo bila hayo harufu ya tunda haitoki, unausimamisha mrija kwenye maji moto, na ukibadilisha pombe unapata harufu ya tunda jingine, yetu ilitakiwa kuwa ndizi mbivu. Mwenzangu wa meza ni rafiki yangu, tunamwita Kasuku kwa jinsi anavyoongea. Kazi yake ilikuwa kuchemsha maji, yangu kupima na kuchanganya. Muda ulipofika akapunga mkono juu ya mrija, akakunja uso.

"Kamusi, hii siki tupu. Ndizi iko wapi?"

"Ndizi hiyo hapo. Hujui kunusa."

"Mimi? Mimi ninayejua mama kapika nini nikiwa bado getini?"

Nikaona aibu kukubali kwamba sijui, nikaandika kwenye daftari "harufu kali ya ndizi mbivu" kama kitabu kinavyosema, nikamwaga, nikasuuza mrija. Mwalimu alipofika mezani kwetu hakukuwa na cha kunusa, akasoma daftari langu. Kasuku akamwambia, "Mwalimu, ilikuwa siki." Darasa likacheka. Mwalimu akasema, "Kasuku, punguza mdomo, tumia pua," akamtoa kwenye maonyesho ya siku ya wazazi tuliyopangiwa wawili, akaniacha mimi. Nikafunga daftari langu. Wakati wa kurudisha vifaa nikaona kichupa chetu cha asidi kali, kizibo hakijafunguliwa. Nilisahau kuiweka, kwa hiyo Kasuku alisema kweli na kosa lilikuwa langu.

Sasa hasemi nami. Nimesikia kwamba baba yake, ambaye ni fundi bomba na hajawahi kufika shuleni, ameshaomba ruhusa kazini aje kumwona mwanawe Jumamosi, na Kasuku bado hajamwambia kwamba ameondolewa. Nikisema ukweli nitachekwa na nitafukuzwa maabarani, mahali pekee ambapo mimi huongea. Nifanye nini?

Kamusi

*

Marahaba, mwanangu.

Pole. Kutosikia harufu si kosa, na umeubeba mzigo huo peke yako kwa muda mrefu mno. Kusahau matone nako si dhambi. Hata walimu husahau. Ila uliandika usichokisikia, kisha ukamwacha rafiki yako achekwe kwa kusema alichokisikia. Hapo nakukemea, na wewe unajua unastahili.

Tena umejiweka hatarini. Maabarani pua ni mlinzi. Gesi ikivuja, wenzako watatoka mbio na wewe utabaki unasoma maelekezo. Mwalimu lazima ajue, na upesi. Hatakufukuza kwa hilo. Atakupanga karibu na mtu wa kukutahadharisha. Mama naye mwambie mzaha umetosha, akupeleke kwa daktari wa pua.

Kuongea kunakushinda, kuandika hakukushindi. Andika ukurasa mmoja: pua yako, kichupa kisichofunguliwa, maneno ya Kasuku. Kesho asubuhi mwombe Kasuku mwende wote kwa mwalimu. Akikataa, nenda peke yako. Mpe mwalimu karatasi na usimame hapo mpaka amalize kuisoma. Kisha umwombe aliseme jambo hili darasani, kwa sababu Kasuku alichekwa darasani.

Omba mfanye jaribio wawili: wewe upime na ueleze, yeye anuse na kuwaita wazazi wanuse. Mwalimu akisema nafasi ni moja, ni ya Kasuku. Itakuuma. Wewe utakaa na wageni, na baba yake akiuliza nini kinaendelea mezani, utamweleza.

Na Kasuku asipokusamehe siku hiyo, usimlilie wala usimfuatefuate. Msaidie kuosha mirija, nenda nyumbani, na Jumatatu umsalimie tena.