Mbuzi wa Mzee Kagaruki

Data,

Neno hilo ulilikataza nje ya mlango. Ndani uliitwa Data, kwa Kirundi chetu. Tukitoka uani uliitwa Tata, kama baba yeyote wa Kihaya hapa Muleba. "Wakijua sisi ni Warundi," ulituambia, "kibanja hiki cha migomba watakichukua." Nimeandika habari za watu wengine katika gazeti la Bukoba miaka mingi. Hiyo ya kwetu sikuigusa.

Sasa nikueleze yaliyotokea.

Tulikuzika Jumanne alasiri, nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Mzee Kagaruki, ambaye ukoo wake ndio uliokupa kibanja, alisimama upande wa kichwani. Nilikuwa nimeandaa maneno ya Kihaya ya kukuaga. Walipoanza kukushusha yakanipotea yote. Nikapiga ukelele: "Data!"

Herufi imebadilika moja tu. Watu wakageuka kunitazama. Mama alinishika mkono mpaka kucha zikaingia.

Mzee Kagaruki akapenga kamasi. "Wewe mwandishi," akasema, "unadhani hiyo ni habari mpya? Marehemu alikuwa akifukuza mbuzi wangu kwa Kirundi. Sasa ukiwatukana kwa Kihaya hawaondoki!"

Watu walicheka, Data, mbele ya kaburi lako. Utusamehe. Nilicheka nami, kisha nikalia. Mama akakulilia kwa Kirundi, kwa sauti, mchana, mbele ya kijiji kizima.

Alhamisi tulikwenda barazani kuandikisha kifo chako. Karani akauliza kabila la marehemu. Nikasema: Mrundi. Mzee Kagaruki akaongeza, "Na kibanja ni cha watoto wake. Andika hilo pia, nakuangalia." Karani aliandika yote mawili. Nilisoma kila neno kabla ya kutoka.

Sikufichi, nilikasirika kidogo. Tulinong'ona maisha yetu yote kwa ajili ya siri iliyojulikana mpaka zizini. Lakini usiku ule nililala vizuri, na Mama pia. Siku hizi anawasalimu wanawake wa sokoni kwa lugha zote mbili. Wanamcheka, naye anawajibu.

Hukumwandikia kaka yako kule Urundi hata mara moja, ukihofu karani wa posta ataisoma anwani. Kahawa ikishavunwa nitakwenda kwake kwa miguu yangu. Nitamwambia umekufa, umezikwa kwenye kibanja chako, na waliochimba kaburi walijua wanamchimbia nani.

Pumzika.

Mwanao