Daftari la Vitambaa Vyekundu

Jumatatu, 2 Oktoba

Vitabu thelathini na saba vimeshonwa vitambaa. Cheupe kwa wanaoanza silabi, cha buluu kwa wanaosoma kwa kusitasita, chekundu kwa wanaoweza kuandika barua. Agizo la padre kabla hajakimbilia Lindi kwa kuvihofia vita. Kaniachia ufunguo wa kabati, sindano, na daftari la nani amefikia rangi gani. Vidole vinauma. Maji hakuna hapa Newala. Leo sikunawa.

Jumatano, 4 Oktoba

Nimeibandua orodha ya rangi aliyoibandika padre ukutani. Mzee mmoja wa kitambaa cheupe, mwenye wajukuu, kachekwa na watoto mpaka akaondoka. Hajarudi. Rangi ya mtu ni siri yake na mwalimu wake. Padre atakasirika. Na akasirike.

Aliagiza pia nisahihishe majina daftarini. Wanafunzi wakubwa wametoka jando na unyago, wana majina mapya. La utotoni halitamkwi tena. Kumwita mtu kwa jina hilo ni kumtukana. Kazi ya saa nzima. Nimeona uvivu. Kesho.

Ijumaa, 6 Oktoba

Sikusahihisha.

Akida wa Wajerumani amekuja na askari sita. Mtu wa pwani, kanzu safi, sijui anapata wapi maji ya kuifulia. Imeokotwa barua njia ya Masasi, inawaambia watu wasiwabebee Wajerumani mizigo. Anamtaka aliyeiandika, anyongwe. Kanionyesha. Nimeujua mwandiko kabla ya kumaliza mstari wa kwanza. Binti wa mfinyanzi. Ile m yenye mkia nimemfundisha mimi, nikimshika mkono.

Nikasema siujui.

Akaliona daftari. Akalifungua, akacheka. Wa kitambaa chekundu ni wanne tu. Kesho atawaita. Nimempangia watu wangu kama mbegu za kuchagua. Najichukia.

Jumamosi, 7 Oktoba

Tumekusanywa uwanjani, kijiji kizima. Akida akasoma majina manne kwa sauti kubwa.

Wanawake wakainamisha macho, wazee wakampa mgongo. Ilikuwa kama mtu amevua nguo mbele yao. Hapo ndipo nilipokumbuka. Kasoma majina ya utotoni, yale niliyoona uvivu kuyafuta. Binti wa mfinyanzi alikuwa hatua tatu kutoka kwake, mzigo wa kuni kichwani. Hakutikisika.

Akasoma tena. Mfinyanzi akajibu, mama yake mwenyewe: "Baba, hao unaowaita hatunao."

Akida akanigeukia. Neno langu moja lingetosha.

"Shikamoo, bwana. Mama kasema kweli. Hao hawapo tena."

Kwetu huo si uongo. Kwake sijui ni nini. Akauliza mwalimu gani anaweka daftari la watu wasiokuwapo. Nikasema, mwalimu mvivu. Viboko hamsa ishirini, ishirini na vitano, kwa uvivu. Baada ya kumi na moja sikuhesabu tena. Akanitupia daftari mgongoni, akasema atarudi mwezi ujao na mtu wa kumsaidia kuuliza.

Jumatatu, 9 Oktoba

Shule haina mtu. Siwezi kukaa, naandika nimesimama.

Binti wa mfinyanzi ameondoka alfajiri kwenda kwa wajomba zake, ng'ambo ya Ruvuma. Hakuniaga. Nilikasirika nusu siku, kisha nikaona upuuzi wangu. Jina lake la sasa siliandiki hata humu.

Kabatini kitabu kimoja cha kitambaa chekundu hakipo. Sijui kimekwenda wapi. Ndivyo nitakavyosema.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mfinyanzi amekuja na mtungi mzima wa maji, kapanda nao kutoka bondeni. Kaniosha mgongo. Yaliyobaki kaniachia ninywe.

Jioni nimefumua vitambaa vyote. Vitabu vimebaki na vitundu vya sindano, basi. Yule mzee wa wajukuu alipita, akachukua kimoja, akakificha chini ya nguo. Sikutazama ni kipi.

Barua ya padre imefika kutoka Lindi. Anauliza hali ya kabati, na kama nimeshasahihisha majina.

Nimemjibu: bado.