Bloku za Diski ya Benki ya Damu

Mjukuu wangu Zainabu,

Huku Kisugu sote wazima. Goti la babu yako limepona, anakwenda soko la Owino mwenyewe. Umeuliza bloku za diski ya seva, yaani vipande ambavyo diski husoma na kuandika kwa mkupuo mmoja, uzipange kwa ukubwa gani.

Nikiwa msichana, fundi wa kompyuta kwenye benki ya damu, niliipangia diski ya seva yetu bloku kubwa kabisa, nikajisifu. Kesho yake muuguzi akaja mbio: "Dada, mzazi anavuja damu, kompyuta bado inatafuta damu ya kundi lake!" Akapekua friji la damu kwa mkono. Mama yule alipona, nami nikarudi kuichunguza seva.

Hifadhidata ya benki ile iliandika kurasa za kilobaiti nane, nami sikuwa nimeuliza; kwa kila ukurasa mdogo diski ililazimika kusoma bloku kubwa nzima. Nikanakili data, nikahakikisha nakala inafunguka, nikapanga diski upya kwa bloku za kilobaiti nane, kisha nikairudisha data. Majibu yakaja papo hapo.

Usiogope, mama. Iulize hifadhidata yako kwanza inaandika kurasa za ukubwa gani, kisha pima kasi.

Bibi yako, Halima